Richard Owen: Mwasisi wa jina dinosau aliyeliweka jitu lao baharini

JINA dinosau leo hulijua hata mtoto wa chekechea. Aliyelibuni, Sir Richard Owen, alikuwa mtaalamu wa anatomia aliyeheshimiwa na kuogopwa mno nchini Uingereza katikati ya karne ya 19.

Ajabu ni kwamba, mwaka uo huo alipokuwa akiwatafakari wanyama ambao angewapa jina hilo, Owen alikuwa na mifupa ya jamii ya dinosau wakubwa kuliko wote waliowahi kukanyaga ardhi, asiitambue. Aliitenga na ya wenzao, akamhesabu mwenye mifupa hiyo kuwa mnyama wa baharini aliye karibu na mamba.

Ilichukua takriban miaka 30 kwa kosa hilo kuanza kusahihishwa, na miongoni mwa waliolisahihisha alikuwamo hasimu wake mkubwa.

Owen alizaliwa Julai 20, 1804 mjini Lancaster, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Babake alikuwa mfanyabiashara aliyefariki mwaka wa 1809, mtoto akiwa na umri wa miaka mitano tu. Mnamo 1820 alianza uanagenzi kwa madaktari wa upasuaji wa mji huo, na huko akapata fursa ya kuhudhuria uchunguzi wa maiti katika gereza la kaunti. Hapo ndipo hamu yake ya kuelewa jinsi mwili unavyoungana ilipopata mizizi.

Mwaka wa 1824 alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, lakini hakukaa sana. Mwalimu wake wa anatomia, John Barclay, alimshauri aende London kwa daktari John Abernethy katika hospitali ya St Bartholomew's. Kufikia 1826 alikuwa amehitimu udaktari wa upasuaji.

Abernethy ndiye aliyemfungulia mlango uliobadili maisha yake. Alimtafutia kazi katika makavazi ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji, kuwa msaidizi wa mtunzaji, William Clift. Makavazi hayo yalikuwa na maelfu ya vielelezo vya wanyama na binadamu vilivyoachwa na daktari John Hunter, aliyefariki mwaka wa 1793.

Kazi ilikuwa kuviorodhesha. Ugumu ulikuwa kwamba sehemu kubwa ya maandishi ya Hunter ilikuwa imechomwa moto mnamo 1823 na shemejiye, Everard Home. Vielelezo vingi vilibaki bila maelezo. Owen alilazimika kukitazama kiungo kimoja kimoja, kukilinganisha na viungo vya wanyama wanaojulikana, kisha kuamua ni cha nani.

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake halisi. Alijifunza kumtambua mnyama kutokana na sehemu ndogo tu ya mwili wake, bila cheti wala kidokezo. Mwaka wa 1831 alizuru Paris, alikokutana tena na Georges Cuvier, bingwa wa Kifaransa aliyefundisha kwamba viungo vya mnyama hutegemeana, hivi kwamba mtaalamu aweza kukisia umbo zima kutokana na mfupa mmoja.

Mnamo 1835 Owen alimwoa Caroline, binti ya Clift. Bi Caroline alilazimika kuvumilia mengi, kwani wanyama waliokufa katika bustani ya wanyama ya London walipelekwa kwa mumewe apasue na kuchunguza. Husimuliwa kwamba siku moja alirudi nyumbani akakuta mzoga wa kifaru ukumbini.

Mfupa wa New Zealand

Sifa za Owen zilipaa mwaka wa 1839. Daktari mmoja kwa jina John Rule alimletea kipande cha mfupa kutoka New Zealand, chenye urefu wa sentimita 15 hivi, kilichovunjika ncha zote mbili. Mwanzoni Owen alikipuuza akidhani ni mfupa wa ng'ombe. Alipokichunguza tena na kukilinganisha na mifupa mingine, alitangaza kwamba ni cha ndege mkubwa asiyeruka, wa kadiri ya mbuni.

Wapo waliomwonya kwamba alikuwa akiliweka jina lake rehani kwa kipande kimoja cha mfupa. Miaka minne baadaye shehena ya mifupa zaidi ilifika kutoka New Zealand, ikamthibitisha. Ndege huyo ni moa, ambaye Owen alimwita Dinornis.

Ushindi huo ulimpa heshima kubwa. Hata hivyo, kipande cha mfupa wa moa kilifaa kwa ulinganisho kwa sababu mbuni yupo hai na mifupa yake inajulikana. Je, ingekuwaje kama mnyama anayetafutwa hakuwa na ndugu wa umbo lake duniani? Swali hilo lilikuwa tayari likimngoja katika matimbo ya mawe ya Uingereza.

Tangu miaka ya 1820 wachimba mawe katika maeneo ya Oxfordshire, Northamptonshire na kwingineko walikuwa wakipata pingili kubwa ajabu za uti wa mgongo na vipande vya mifupa ya miguu. Mnamo 1825 John Kingdon aliandikia Chama cha Jiolojia cha London kuhusu mifupa ya aina hiyo, akidhani huenda ni ya nyangumi au ya mamba. Hakuna popote palipopatikana kiunzi kizima.

Owen aliikusanya taarifa ya vipande hivyo, na Juni 30, 1841 akasoma makala yake mbele ya chama hicho. Alitambua kwamba mnyama huyo hakuwa nyangumi bali reptilia. Katika hilo alikuwa sahihi. Lakini kwa kuwa pingili zilikaribia ukubwa wa zile za nyangumi, alimpa jina Cetiosaurus, maana yake mjusi nyangumi.

Hoja yake kuu ilitokana na mifupa yenyewe. Mifupa mirefu aliyoiona ilikuwa na nyama ya sifongo ndani, wala haikuwa na uwazi wa kuhifadhi uboho kama ilivyo kwa wanyama wengi wazito wa nchi kavu. Kwa Owen, hiyo ilikuwa dalili ya kiumbe anayebebwa na maji. Akamchora akilini kama mwindaji mkubwa wa baharini, mwenye kuwala mamba na reptilia wengine wa majini.

Isitoshe, mwaka huo wa 1841 Owen alikuwa akichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu meno ya wanyama. Humo alimpa jina Cardiodon mnyama aliyejulikana kwa jino moja tu, lenye umbo la moyo, lililopatikana karibu na mji wa Bradford-on-Avon. Jino lilitoka katika mkusanyiko wa daktari mmoja mpenda visukuku, Joseph Chaning Pearce.

Leo Cardiodon anahesabiwa kuwa ndiye sauropodi wa kwanza kupewa jina la kisayansi. Sauropodi ni wale dinosau wala majani wenye shingo ndefu, mkia mrefu na miguu minne mithili ya nguzo. Cetiosaurus naye ni wa kundi hilo hilo. Yaani katika mwaka mmoja, jino la sauropodi na pingili za sauropodi zilipitia kwa mtu mmoja, naye hakuona kwamba ni mambo ya nyumba moja.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hakuna mtu hai wakati huo aliyewahi kuona kiunzi cha sauropodi. Hakuna mnyama wa leo aliye na umbo lake. Owen hakuwa na fuvu la Cetiosaurus, hakuwa na shingo, wala hakuwa na nyonga kamili ya kumwonyesha jinsi miguu ilivyosimama.

Kuzaliwa kwa dinosau

Mwezi mmoja baada ya makala ya Cetiosaurus, Owen alihutubia mkutano wa Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi mjini Plymouth kuhusu reptilia wa kale wa nchi hiyo. Hotuba hiyo, baada ya kuongezwa na kurekebishwa, ilichapishwa mwaka wa 1842. Humo ndimo jina Dinosauria lilipotokea kwa mara ya kwanza, kwa maana ya mijusi wa kutisha.

Aliwaweka watatu tu katika kundi hilo: Megalosaurus, Iguanodon na Hylaeosaurus. Sababu zake zilikuwa za kina. Pingili za nyonga zao zilikuwa zimeungana kuwa kitu kimoja, na miguu yao ilikaa wima chini ya mwili kama ya ndovu, haikutanuka pembeni kama ya kenge. Kumbe hawa hawakuwa mijusi waliokuzwa, bali aina ya pekee ya viumbe. Wazo hilo lingali msingi wa elimu ya dinosau.

Cetiosaurus aliachwa nje. Katika chapisho hilo Owen alimgawa katika spishi nne, akambakiza upande wa mamba.

Kati ya wale dinosau watatu, wawili walikuwa wametambuliwa na kupewa majina na daktari wa Sussex, Gideon Mantell, ambaye aliwatibu wagonjwa mchana na kuchunguza visukuku usiku. Mantell ndiye pia aliyekuwa wa kwanza kuyumbisha hoja ya mjusi nyangumi.

Alipata kutoka kwa msaga nafaka mmoja mfupa wa mkono wa juu wenye urefu wa sentimita 137. Ndani yake mlikuwa na uwazi wa uboho. Mwaka wa 1850 alitangaza kwamba mwenye mfupa huo alitembea nchi kavu, akamwita Pelorosaurus na kumhusisha na pingili ambazo awali zilitiwa katika fungu la Cetiosaurus.

Hivyo sifa ile ile ambayo Owen aliitegemea kuwapeleka wanyama hawa baharini ndiyo Mantell aliyoitumia kuwarudisha ardhini. Lakini Mantell hakuishi kuona hoja yake ikikubalika. Alikuwa ameumia mgongo katika ajali ya gari la farasi mnamo 1841, akawa mtu wa maumivu hadi alipofariki Novemba 1852.

Uhusiano wa wawili hao ulikuwa mchungu. Baada ya kifo cha Mantell, gazeti moja la London lilichapisha tanzia isiyo na jina la mwandishi, iliyomdunisha marehemu na kazi yake. Wengi waliamini kwamba kalamu ilikuwa ya Owen. Sehemu ya uti wa mgongo wa Mantell, uliopinda, iliishia katika makavazi yale yale ya madaktari wa upasuaji.

Hata Chaning Pearce, mwenye jino la Cardiodon, hakusalimika. Mnamo 1846 Owen alipokea Nishani ya Kifalme kwa makala kuhusu viumbe wa kale wa jamii ya ngisi, ilhali Pearce alikuwa amekwisha kuandika juu yao mwaka wa 1842. Lawama kwamba bingwa huyo alijitwalia jasho la wenzake ziliharibu jina lake miongoni mwa wanasayansi.

Nje ya duru hizo, nyota yake iliendelea kung'aa. Malkia Victoria alimpa nyumba katika bustani ya Richmond, na Owen akawafundisha watoto wa Malkia elimu ya viumbe. Desemba 31, 1853 alikaa kwenye kiti cha heshima katika karamu iliyoandaliwa ndani ya kielelezo cha Iguanodon kilichochongwa na msanii Benjamin Waterhouse Hawkins. Vielelezo hivyo vilipofunguliwa kwa umma huko Sydenham mwaka uliofuata, umma ulimiminika kuona dinosau. Hakukuwa na hata sauropodi mmoja kati yao.

Mfupa wa Bletchingdon

Mnamo Machi 1868 wafanyakazi wa timbo karibu na Bletchingdon, Oxfordshire, waligonga mfupa wa paja wenye urefu wa zaidi ya mita moja na nusu. Profesa John Phillips wa Chuo Kikuu cha Oxford hakutosheka na kuuchukua huo peke yake. Uchimbaji uliendelea hadi 1870, na mifupa mingi ya mnyama mmoja na wenzake wachache ikapatikana mahali pamoja.

Hapo palikuwa na tofauti kubwa na siku za Owen. Yeye alikuwa ameunganisha vipande kutoka kaunti mbalimbali, vingine vya miamba ya umri tofauti, na baadhi yake vilikuja kubainika kuwa vya wanyama tofauti kabisa. Phillips alikuwa na mapaja, mikono, mabega, nyonga, mbavu na pingili zilizolala pamoja.

Katika kitabu chake cha mwaka wa 1871 alimpa mnyama huyo jina Cetiosaurus oxoniensis. Aliona kwamba miguu yake iliweza kubeba mwili nchi kavu, na kwamba jino dogo lililopatikana hapo lilikuwa la mla majani. Alijizuia kusema zaidi ya alichokuwa nacho, lakini mwindaji wa baharini hakuwapo tena.

Miaka miwili kabla ya kitabu hicho, Thomas Henry Huxley alikuwa amemwingiza Cetiosaurus katika orodha ya dinosau. Huxley huyu ndiye aliyekuwa mpinzani mkali wa Owen. Walikuwa wamegombana hadharani kuhusu ubongo wa binadamu na wa sokwe, Owen akidai kwamba kuna sehemu inayopatikana kwa binadamu pekee, Huxley akithibitisha kwamba hata sokwe wanayo.

Ugomvi huo ulitokana na jambo kubwa zaidi. Owen alikuwa rafiki wa Charles Darwin, na ndiye aliyechambua visukuku ambavyo Darwin alirejea navyo kutoka Amerika Kusini. Darwin alipochapisha nadharia yake mwaka wa 1859, Owen aliishambulia mwaka uliofuata katika makala isiyotiwa jina, iliyosifu kazi za Owen mwenyewe. Urafiki ulikufa hapo.

Hivyo, Owen alijikuta amezungukwa na wasomi wachanga wasiomwamini. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na udhaifu wake mkubwa ulikuwa huo. Bado mnamo 1859, miaka tisa baada ya hoja ya Mantell, alikuwa amemworodhesha Cetiosaurus pamoja na mamba.

Wakati huo huo habari zilianza kufika kutoka Marekani. Kuanzia 1877 viunzi vya majitu ya shingo ndefu vilichimbuliwa katika majimbo ya magharibi, vikiwa kamili kuliko chochote kilichopatikana Uingereza. Mwaka wa 1878 Othniel Charles Marsh aliwapa jina Sauropoda. Vipande vya Oxfordshire vikapata ukoo wao.

Hata hivyo, wazo la kwamba wanyama hao waliishi majini halikufa upesi. Kwa miongo mingi wataalamu waliwachora wakiwa wamezama ziwani, kichwa tu kikichungulia, kwa imani kwamba uzito wao ungewalemea ardhini. Ni mwaka wa 1951 ambapo mtaalamu K. A. Kermack alionyesha kwamba shinikizo la maji katika kina hicho lisingewaruhusu kupumua.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sehemu katika kisa hiki. Kati ya 1909 na 1913, katika kilima cha Tendaguru karibu na Lindi, nchini Tanzania ya leo, mamia ya vibarua Waafrika wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani waliwachimbulia Wajerumani mifupa ya sauropodi kadhaa. Mmoja wao, ambaye leo huitwa Giraffatitan, amesimamishwa jijini Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Anayemtazama haoni shida kuelewa kwamba miguu ile ilikuwa ya kukanyagia ardhi.

Jengo la South Kensington

Tukirejea kwa Owen, ingekuwa dhuluma kumkumbuka kwa makosa tu. Mwaka wa 1856 aliteuliwa msimamizi wa idara za viumbe na madini katika makavazi ya kitaifa ya Uingereza. Alikuta hazina imerundikana ghalani kwa kukosa nafasi. Kuanzia 1859 alipigania jengo jipya, akisisitiza kwamba si wasomi pekee wanaostahili kuona maajabu ya maumbile, bali na wananchi wa kawaida pia.

Alibishana na wabunge na wanasayansi wenzake kwa zaidi ya miaka 20. Hatimaye Makavazi ya Historia ya Viumbe yalifunguliwa South Kensington, London, Aprili 18, 1881. Owen alikuwa na miaka 76. Alistaafu muda mfupi baadaye, akatunukiwa cheo cha Sir mnamo 1884.

Uzee wake ulikuwa wa upweke. Mkewe alifariki mwaka wa 1873, na mwanawe wa pekee akafa mnamo 1886. Owen mwenyewe aliaga dunia Desemba 18, 1892 akiwa na umri wa miaka 88.

Sanamu yake ya shaba iliwekwa katika ukumbi mkuu wa jengo alilolipigania, na mnamo 1927 ikapewa nafasi ya Darwin kwenye ngazi kuu. Mwaka wa 2008, wakati wa maandalizi ya kuadhimisha miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Darwin, sanamu ya Darwin ilirejeshwa hapo na ya Owen ikahamishwa. Katika ukumbi huo huo, nakala ya kiunzi cha sauropodi wa Marekani, Diplodocus, ilisimama kuanzia 1979 hadi 2017. Mahali pake pakawekwa kiunzi cha nyangumi.

Jino la Cardiodon limepotea, na imebaki michoro. Spishi za Cetiosaurus zilizopewa majina na Owen zilionekana kujengwa juu ya vipande visivyotosha kumtambulisha mnyama yeyote. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2014 tume ya kimataifa inayosimamia majina ya wanyama iliamua kwamba jina Cetiosaurus lishikamane na mifupa ya Phillips kutoka Bletchingdon. Jina likabaki la Owen. Mnyama akawa wa Phillips.

Uamuzi huo unaeleza kazi inayowakabili watafiti hata hapa kwetu. Visukuku vya dinosau, wakiwemo sauropodi, vimepatikana katika milima ya Lapurr, Turkana, na vingi ni vipande. Atakayevitambua atahitaji jicho kali la Owen, lililoona ndege mzima katika mfupa wa sentimita 15. Atahitaji vilevile subira ya kuchimba zaidi kabla ya kutoa hukumu, na moyo wa kuibadili hukumu hiyo mfupa mwingine utakapopatikana.